Pindo la Jani

Kwa miaka ishirini na sita alishona sare za shule katika chumba kimoja kilichotazamana na kituo cha mabasi, na mtaa mzima ukamjua kwa jina la Mama Sare. Watoto aliowapima viuno wakiwa darasa la kwanza walikua, wakaoa na kuolewa, wakarudi kwake wakiwa wamewashika mkono watoto wao. Halafu zikaingia sare za kiwandani, zimekunjwa vizuri ndani ya mifuko ya nailoni, na shule zikaanza kuziagiza kwa makontena. Mwaka huo, kuanzia Januari hadi Juni, Mama Sare alishona sketi tisa. Cherehani ikageuka meza ya kuwekea chupa ya chai.

Mchana mmoja aliingia mwanamume mrefu, mwembamba kama ufito, miwani yake imefungwa waya upande mmoja, koti jeupe mkononi. Mfuko wa koti ulikuwa umechanika na kuning'inia. Aliomba ashonewe hapo hapo. Wateja wengine wakisubiri hutazama simu zao. Huyu alisimama akitazama vidole vya Mama Sare.

"Mama, mbona sioni uzi unapopita?"

"Ukiuona, nirudishie koti nifumue."

Mwanamume akacheka. Kisha akauliza kama mtu anayeona haya, "Hivi, unaweza kushona mmea?"

"Umechanika wapi?" akauliza Mama Sare.

Hivyo ndivyo alivyopata kazi kwenye bustani ya mimea. Yule mwanamume alikuwa mkuu wa uhifadhi huko, na wote walimwita Daktari ingawa hajawahi kumpima mtu homa. Bustani yenyewe Mama Sare alikuwa ameingia mara moja tu maishani, siku ya kupiga picha za arusi ya mdogo wake, na alichokumbuka ni viatu vilivyombana. Hakujua kwamba nyuma ya kitalu cha okidi kuna jengo la matofali lenye makabati ya chuma kutoka sakafuni hadi darini. Ndani ya makabati hayo ilihifadhiwa mimea mikavu elfu themanini, kila mmoja umelazwa juu ya karatasi ngumu na kushikizwa kwa uzi, ili mtu atakayezaliwa miaka mia ijayo aweze kuona ulivyokuwa. Aliyekuwa akiishikiza alistaafu miaka kumi nyuma. Tangu hapo mimea mipya ilikaa katika mafurushi ya magazeti ya zamani, yamerundikwa mpaka yakaziba dirisha moja.

Siku ya kwanza Mama Sare alivunja majani manne, na kila moja aliliomba radhi. Kufikia mwisho wa wiki alikwisha kujua kwamba shina kavu linataka sindano nyembamba kabisa, kwamba tunda zito linafungwa mara tatu, na kwamba ua halitobolewi kamwe, linatiwa kwenye kibahasha na kibahasha kinabandikwa pembeni. Alikuja na kastabini yake kutoka nyumbani, kile kikofia cha chuma cha kulinda kidole, akasogeza kiti kwenye dirisha lisilopigwa na jua, na pale akakaa kama aliyezaliwa hapo.

Nyumbani aliishi na mama yake, aliyekuwa amevuka miaka themanini, na masikio yake yalichagua cha kusikia. Alipoelezwa kazi mpya ya binti yake aliitikia kwa kichwa mara tatu. Kesho yake majirani wote walikuwa na habari kwamba Mama Sare sasa anashonea miti nguo.

"Na miti inavaa saizi gani?" jirani mmoja akamuuliza mlangoni.

"Inategemea imekula nini," akajibu, akapita.

Aliipenda kazi ile kuliko alivyotarajia. Sketi elfu moja za shule moja ni sketi ile ile mara elfu, lakini hakuna furushi lililofanana na jingine. Jioni alirudi na vumbi la majani kwenye nyusi, akimsimulia mama yake juu ya tunda lenye miiba kama kichana, na mama yake akimjibu habari za bei ya mkaa.

Kila mwisho wa mwaka bustani hiyo hufanya mkutano mkubwa. Wajumbe wa bodi, walimu wakuu na wafadhili hukusanyika ukumbini, na mkurugenzi husoma taarifa yenye sehemu tatu: uhifadhi, elimu na maonyesho. Mama Sare alihudhuria mara ya kwanza akiwa na miezi sita kazini. Sehemu ya elimu ilipigiwa makofi, kwa sababu mwalimu wa bustani, mwanamke mcheshi anayetembea na filimbi shingoni, alikuwa amepokea shule hamsini na mbili. Maonyesho nayo hayakuwa haba. Sehemu ya uhifadhi iliisha kabla Mama Sare hajakaa vizuri kitini. Ilikuwa aya mbili, na ya pili ilihusu bomba lililopasuka. Daktari alikuwa mstari wa mbele, shingo imezama kwenye kola.

Kilichomuumiza Daktari zaidi kilikuwa kimening'inia ukutani nje ya ofisi yake: mchoro wa kengele-mawe. Huu ni mmea mdogo, usiozidi shubiri moja, wenye maua ya zambarau yanayoinama kama kengele. Uliwahi kuota kwenye miamba ya mto juu ya mji. Miamba ikachimbwa mawe ya ujenzi, mmea ukaisha. Wa mwisho uliojulikana ulifia kwenye chungu pale kitaluni miaka sita kabla, mikononi mwa Daktari mwenyewe, na kila aliposimulia habari hiyo alivua miwani kwanza.

Sasa, Jumanne moja ya mwezi wa tatu, Mama Sare alifungua furushi lililoandikwa "kengele-bonde, mimea kumi na miwili". Kengele-bonde ni ndugu wa kengele-mawe, ila huyu hana shida, huota hata kwenye mitaro ya barabarani. Mama Sare alikwisha kushona mingi ya aina hiyo na angeweza kuishona amefumba macho. Shina lake ni tupu ndani kama mrija. Sindano ikiingia inalia tiki, kisha inapita.

Mmea wa saba haukulia. Sindano iligoma. Akadhani amepiga kwenye kifundo, akasogeza pembeni, ikagoma tena. Shina lilikuwa limejaa. Akaweka sindano chini, akavaa miwani ya kusomea, akageuza jani kwa kibano. Ukingo wa jani ulikuwa umekunjwa kwa chini, mkunjo mwembamba sana, sawasawa kutoka kwenye kikonyo hadi nchani. Akageuza jani la pili. Vivyo hivyo. Akarudia mmea wa sita, aliokwisha kuushona. Ukingo bapa, hauna mkunjo wowote.

Mtu mwingine angesema jani limejikunja kwa kukauka. Lakini Mama Sare alikuwa ametia pindo sketi zisizohesabika, na alijua kitambaa kilichojikunja kinavyokuwa: hapa kimeinuka, pale kimelala, hakina adabu. Hili lilikuwa pindo. Akafungua mmea wa nane, wa tisa. Nayo ilikuwa na pindo. Kuanzia wa kumi, shina tupu tena na ukingo bapa.

Akaweka karatasi mbili kwenye trei, ya sita na ya saba, akatoka.

Daktari alikuwa kwenye kikao cha wakuu wa idara, chumba ambacho Mama Sare hakuwahi kukanyaga. Alibisha mara moja na kuingia kabla hajajibiwa.

"Samahanini sana. Daktari, naomba unitazamie kitu."

"Mama, tukimaliza tu nakuja."

"Hili jani lina pindo."

Mkurugenzi, mwanamke mnene mwenye sauti nzito, akaweka kalamu chini. "Lina nini?"

"Pindo, mheshimiwa. Kama la sketi. Yale mengine hayana. Na shina lake limejaa, sindano haipiti."

Daktari alikuwa ameanza kusema neno. Hakulimaliza. "Shina limejaa," akarudia polepole.

"Limejaa kabisa. Nimejaribu mara mbili."

Alisimama kwa ghafla hata kiti kikaanguka nyuma yake, na hakuna aliyekiinua, maana wote waliinuka wakamfuata. Wakapita koridoni kama msafara wa arusi, Daktari mbele na trei, Mama Sare nyuma yake akimwambia taratibu, taratibu, litavunjika. Chumbani Daktari aliinamia hadubini muda mrefu, hata mwalimu wa bustani akaanza kutafuna kamba ya filimbi yake. Alipoinua kichwa macho yalikuwa mekundu.

"Ni yenyewe," akasema. "Kengele-mawe. Nani alileta furushi hili?"

Kikaratasi cha furushi kilikuwa kimeandikwa kwa penseli na kundi la wanafunzi waliokuwa mafunzoni miaka tisa nyuma. Walikusanya mimea kumi na miwili siku moja, wakaifunga yote pamoja kwa jina moja. Tisa ilitoka mtaroni. Kuhusu mitatu waliandika: "Ukutani, chini ya tangi, kituo cha zamani cha pampu ya maji, upande usiopata jua."

"Miaka tisa," akasema Daktari. "Ule wa kwangu unakufa, huu ulikuwa hapa dirishani, hatua kumi kutoka ofisini."

"Majuto baadaye," akasema mkurugenzi, ambaye alikwisha kupiga simu mamlaka ya maji na kuiweka kwenye spika.

"Kituo cha zamani?" sauti ikajibu. "Tulishakifunga. Ila ule ukuta unavuja, kwa hiyo tumeweka fundi aukwangue wote aupige lipu."

"Anaanza lini?"

"Alianza jana."

Dereva wa bustani alisifika mji mzima kwa kuendesha pole pole kiasi cha kupitwa na baiskeli. Siku hiyo hakuna baiskeli iliyompita. Daktari alikaa mbele, ameshika mlango kwa mikono miwili. Nyuma walikaa Mama Sare na mwalimu wa bustani, katikati ya makopo matupu ya miche yaliyokuwa yakigongana kama ngoma. Mama Sare aligundua kwamba bado amevaa kastabini kidoleni.

Ukuta ulikuwa mrefu, umejengwa kwa mawe, umeegemea mlima na kushikilia tangi lililopata kutu. Maji yalikuwa yakichuruzika kutoka kwenye viungo vyake, na kila palipochuruzika palikuwa na ukoga wa kijani na kangaga zilizoning'inia. Lakini ilikuwa nusu tu. Nusu nyingine ilikuwa imekwanguliwa, mawe yameachwa uchi, meupe kama meno. Juu ya jukwaa la mbao alisimama mwashi, mtu wa makamo mwenye kofia ya karatasi ya mfuko wa saruji, nyundo mkono mmoja na tindo mkono mwingine.

"Simama!" Daktari alipiga kelele kabla gari halijasimama.

"Nimesimama," akasema mwashi. "Nina kosa gani?"

Daktari akaanza kueleza. Alisema spishi, akasema mfumo wa ikolojia, akasema urithi wa vizazi, na kwa kuwa alikuwa anahema, maneno yalitoka kinyumenyume. Mwashi alimsikiliza mpaka mwisho kwa heshima zote.

"Mimi nimepewa mpaka Ijumaa," akasema. "Kama mna barua, ileteni. Kama hamna, naomba nafasi."

Wakati huo Mama Sare alikuwa ameufikia ukuta. Hakutafuta maua, maana msimu wake ulikuwa bado. Alipitisha ncha ya kidole chini ya kila jani dogo lililochungulia kwenye ufa, kama alivyokuwa akikagua sketi za wanafunzi wake wa ushonaji zamani. Bapa. Bapa. Hili si lenyewe. Bapa. Karibu na bega lake, ndani ya ufa usiopita upana wa kidole gumba, ulikuwapo mmea mdogo wa majani matano. Akapitisha kidole, kikakutana na ule mkunjo mwembamba, hai, umelowa.

"Daktari," akaita bila kupaza sauti. "Njoo hapa."

Daktari akaja. Akagusa. Kisha akatafuta mahali pa kukaa, akakaa juu ya mfuko wa saruji, akavua miwani.

Basi ikabaki kazi ya Mama Sare. "Fundi," akamwambia mwashi, "shuka kidogo tuongee."

"Na wewe, mama, ni wa hao wa barua?"

"Mimi ni fundi cherehani."

Mwashi akamtazama, akatazama na kastabini, akashuka.

"Ukiletewa gauni la zamani ulitengeneze," akasema Mama Sare, "ukakuta lina kitambaa ambacho hakiuzwi tena popote, utalipiga mkasi?"

"Inategemea mwenye gauni kasemaje."

"Mwenye gauni hajui lina nini. Wewe ndiye uliyelishika."

Mwashi akakuna kidevu. "Kitambaa chenyewe kiko wapi?"

Akamshika mkono, akauongoza mpaka chini ya lile jani. Mwashi akatikisa kichwa. "Vidole vyangu vimekufa kwa saruji, mama. Sisikii kitu."

"Tumia kucha."

Akapitisha kucha taratibu. "Inakwama," akasema.

"Ndilo pindo lenyewe. Lisilo na pindo liache. Lenye pindo ndilo tunalolitaka."

Mwashi alirudisha mkono. Aligeuka akatazama nyuma yake, kwenye rundo la uchafu alilolikwangua tangu jana, refu kama kitanda. "Hivi nimeng'oa mingapi?" akauliza.

Kuanzia hapo ndiye aliyekuwa na haraka kuliko wote. Alilitandaza rundo kwa mikono yake mwenyewe, na wote watano wakapiga magoti kulichambua kama watu wanaochambua mchele. Walipata kumi na moja, mingine imepondeka, mingine bado ina rangi. Kisha Daktari akataka kuung'oa ule wa ukutani, na mwashi akamzuia.

"Mizizi imeingia ndani ya kiungo. Ukivuta umeua. Jiwe litoke zima."

Akaleta tindo nyembamba, akagonga kuzunguka jiwe kama mtu anayebisha mlango wa mgonjwa, mpaka jiwe likalegea na kutoka na mmea wake mgongoni. Dereva akalipokea, wakaenda kutafuta jingine. Saa kumi jioni, karani alipofika kwa pikipiki na barua ya mkurugenzi na mamlaka ya maji ya kusimamisha kazi, mawe kumi na tisa yalikuwa yamepangwa garini, kila moja limefunikwa gunia bichi. Mwashi aliisoma barua, akaikunja, akaitia mfukoni. "Sasa ndiyo mnaleta," akasema.

Kurudi, dereva aliendesha pole pole kama kawaida yake, na safari hii hakuna aliyelalamika.

Wiki zilizofuata Mama Sare alipitia kitaluni kila asubuhi kabla ya kazi. Kati ya ile kumi na moja ya kwenye rundo ilipona mitatu. Ya kwenye mawe ilikufa miwili tu. Mwezi wa tano ikatoa maua, zambarau iliyokolea kuliko kwenye mchoro, na wafanyakazi walikuja mmoja mmoja kutazama, hata wa kukata tiketi. Maua yakafunga mbegu ndogo kama vumbi la tumbaku. Daktari akazipanda kwenye udongo bora kuliko wote aliokuwa nao. Hazikuota. Akazipanda kwenye mchanga. Zilichipua, zikalala siku ya tatu.

Alikuwa ameanza tena kuvua miwani aliposikia mtu anabisha mlango wa kitalu. Alikuwa mwashi, na mfuko begani.

"Nimepita kuwajulia hali wagonjwa wangu," akasema. Alipoelezwa, akaingiza kidole kwenye chungu, akanusa ule udongo. "Daktari, mnawalisha pilau watu waliozoea kulala njaa. Ule ukuta haukujengwa kwa saruji. Wazee wale walitumia chokaa. Hii hapa, nimeikwangua kwenye viungo." Akamimina mfuko mezani. Ilikuwa chokaa kuukuu, imevunjikavunjika, ina harufu ya kisima.

Wakaisaga, wakapanda mbegu zilizobaki. Siku ya kumi na mbili Mama Sare aliingia asubuhi akaona trei imekuwa ya kijani. Alihesabu mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza machozi yalimchanganyia hesabu. Miche mia mbili na kumi na minne.

Mwalimu wa bustani ndiye aliyetaka habari hiyo itoke nje. Maonyesho ya mwaka yalikuwa mwezi wa kumi na moja, na alishapanga okidi kama kawaida. Akazifuta. Alimwomba mwashi ajenge ukuta katikati ya ukumbi, kimo cha mtoto wa darasa la tatu, kwa mawe na chokaa, na kengele-mawe na kengele-bonde ndani ya viungo vyake. Pembeni akaweka meza ndefu yenye sindano butu, uzi na majani makavu ya kengele-bonde, ili kila mtoto ashone jani lake kwenye karatasi na kuandika lilikotoka. Kisha akamwambia Mama Sare kwamba yeye ndiye atakayewaeleza.

"Mimi niwaeleze nini? Sijui hata jina lake la kisayansi."

"Jina nitawaambia mimi. Wewe waambie habari za pindo."

Usiku huo hakula vizuri. Lakini watoto wa kwanza walipoingia, hamsini kwa mkupuo, aliona wamevaa sare, na jicho lake likaenda moja kwa moja kwenye sketi ya msichana wa mbele, pindo limefumuka. Akamwita, akalishona hapo hapo huku wenzake wakitazama, akaeleza pindo ni kitu gani na kwa nini kitambaa kinakunjwa kwa chini. Alipomaliza akawaambia, "Haya, kwenye ukuta ule kuna majani yenye pindo na yasiyo na pindo. Nani ataniletea habari?" Ukumbi ukawa kama soko. Hakuna aliyeng'oa. Vidole vidogo vilipita chini ya majani, na kila dakika mtu alikuja mbio kumnong'oneza kwamba amelipata.

Siku ya tatu alimleta mama yake. Bibi alitembea na fimbo yake mpaka ukutani, watoto wakampisha. Alipitisha kidole chini ya jani muda mrefu, uso umetulia.

"Nani kalipinda hili?" akauliza kwa ile sauti kubwa ya wasiosikia.

"Limejipinda lenyewe, mama."

"Wacha. Mkono huu naujua. Ni wako."

Shule nzima ilitoka pale ikiamini kwamba Mama Sare ndiye aliyeshona mmea ule, na mwalimu wa bustani alitumia nusu saa kuwarekebisha, huku akicheka.

Maonyesho yalitakiwa kudumu wiki mbili. Yalidumu sita. Shule ambazo hazijawahi kuja ziliandika barua, na nyingine zilikuja bila kuandika. Kwenye mkutano wa mwaka mkurugenzi alisoma taarifa, na alipofika kwenye uhifadhi akanywa maji kwanza, kwa sababu safari hii kurasa zilikuwa kumi na moja. Alieleza furushi, ukuta, chokaa na miche. Akamtaka mshonaji asimame. Mama Sare akasimama, na ukumbi ukapiga makofi mpaka akatamani kukaa.

"Una neno, mama?" mkurugenzi akauliza, kama watu wanavyouliza bila kutegemea jibu.

"Ninalo," akasema. "Bado kuna mafurushi mia sita hayajafunguliwa. Hatujui ndani kuna nini. Pale mtaani kwangu kuna mafundi cherehani wawili wamekaa bure kama nilivyokaa mimi. Mmoja anajua tarizi kuliko mimi, mwingine ana macho ya mwewe. Naomba waje."

Mwenyekiti wa bodi alimgeukia mkurugenzi, mkurugenzi akamgeukia Daktari, na Daktari alikuwa tayari anaandika. Mwezi wa pili wale wawili walianza kazi, na siku ya kwanza waligombania kiti cha dirishani.

Mvua zilipoanza walirudi kwenye kituo cha pampu. Mwashi alikuwa amemaliza kutengeneza ukuta kwa chokaa, si kwa saruji, na alikuwa ameacha vijitundu sitini, kila kimoja na alama ya chaki. Daktari alichanganya, mwashi alishindilia, na Mama Sare, ambaye vidole vyake vilikuwa vyembamba kuliko vya wote, aliingiza miche. Mvua ilinyesha juu yao asubuhi nzima na hakuna aliyependekeza wajikinge. Mwalimu wa bustani alisimama chini na orodha iliyolowa, akitaja namba kwa sauti. Walipofika sitini walitazamana, wakaona aibu kidogo kwa furaha waliyokuwa nayo, wakaenda kunywa chai garini.

Wiki ya saba simu ya Mama Sare ililia yuko kazini. Alikuwa mwashi, na hakusalimia.

"Mama, wa kule juu kushoto umetoa tumba."

"Rangi gani?"

"Bado halijafunguka. Nimeleta kigoda. Nakaa hapa hapa."

Mama Sare alichoma sindano kwenye kola ya gauni lake, akainuka, na alikuwa ameshafika mlangoni ndipo alipokumbuka kumwambia Daktari awashe gari.